Siku Kumi na Tisa za Sista Vailet

Saa nne asubuhi Sista Vailet alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki ndani ya steshenari ya Mudy, nyuma ya stendi ya Babati, akimsubiri mtu wa mbele yake atoe kopi ya cheti cha ubatizo. Hospitalini alikofanya kazi ya uuguzi walikuwa wamempa ruhusa ya saa mbili. Mkobani alikuwa na pasipoti, picha mbili ndogo zenye mandhari ya bluu na miwani ya kusomea.

Binti yake Natalia alikuwa na mimba ya miezi minane katika nchi moja ya mbali, yenye mvua nyingi na adabu nyingi za maandishi. Jina la nchi hiyo halitatajwa hapa, kwa kuwa yenyewe haijawahi kuitaja Babati. Watanzania waliruhusiwa kuingia huko bila viza kwa miezi mitatu, mradi wajaze fomu mtandaoni. Natalia hakuwa na mtu wa kumkanda. Katika ukoo wao, mwanamke akishajifungua hukandwa kwa maji ya moto na mama yake mwenyewe, asubuhi na jioni, mpaka mwili urudi mahali pake. Vailet alikandwa na mama yake. Sasa ilikuwa zamu yake.

Mudy alisoma maswali kwa sauti, kidole kikiwa tayari juu ya kitufe.

"Umewahi kufungwa jela?"

"Hapana."

"Una mpango wa kupindua serikali yao?"

"Nitapata wapi muda?"

"Hapana," Mudy alisema, akabofya. "Katika miaka kumi na tano iliyopita umewahi kukanyaga mojawapo ya nchi zifuatazo?"

Orodha ilikuwa na nchi saba. Ya nne ilikuwa Sudan.

Mwaka juzi Vailet alikaa Sudan siku kumi na tisa, kwenye kambi ya watu waliokimbia vita, kipindupindu kilipowafuata huko walikokimbilia. Kanisa lilitafuta wauguzi, akaenda, akatundika dripu, akarudi. Tangu siku aliyorudi, miguu yake ilitoa mchanga.

Haukuwa mchanga wa Babati. Ulikuwa wa manjano, laini kama unga uliochekechwa, na ulitokea kwenye visigino. Akikaa nusu saa ulijaza kikombe. Akimaliza zamu ulijaza ndoo. Hospitalini walimpa ufagio wa peke yake. Nyumbani kwake Maisaka majirani walikuja na viroba kila Jumamosi, maana ulifaa sana kwa lipu. Sosthenes, mtendaji wa mtaa, alifika mara moja kueleza kwamba mchanga huo umeingia nchini bila kibali. Alikunywa chai, akaonya vikali, akaondoka na viroba vinne.

"Tuweke hapana, Mama Natalia," Mudy alisema. "Nani atajua?"

Alisema hayo akiwa ameinua miguu, kwa sababu mchanga ulikuwa umepita chini ya kaunta na unaelekea kwenye nyaya za kompyuta.

"Weka ndiyo."

"Mama, mimi tangu asubuhi nawajazia watu hapana. Kuna mzee ana wake wawili, nimemwekea hajaoa."

"Weka ndiyo, Mudy. Nilikwenda kutibu, sikwenda kuiba."

Mudy aliweka ndiyo. Kompyuta ilijibu kabla hajaondoa kidole. Mwombaji haruhusiwi kuingia bila viza. Aombe viza ubalozini, Dar es Salaam. Nafasi ya karibu ya usaili ilikuwa baada ya miezi saba.

Vailet alipiga simu ubalozini, akaeleza habari ya Sudan na mchanga. Dada aliyepokea alikuwa na sauti tamu, ile wanayofundishwa kwa semina.

"Je, mama, mchanga bado unatoka?"

"Unatoka."

"Basi kwa mujibu wa kanuni bado hujarudi kutoka Sudan. Ukikoma utaruhusiwa kujaza fomu upya, na utaingia bila viza kama wengine."

"Utakoma lini?"

"Hilo liko upande wako, mama. Asante kwa kupiga."

Aliiosha miguu katika Ziwa Babati kwa sabuni ya kipande. Kiboko aliinua kichwa, akatazama ufuko mpya wa manjano ukitanuka, akarudi chini. Vailet alinunua viatu vipya, vikajaa. Alitembea peku, ikawa mbaya zaidi.

Wiki hiyo hiyo aliletewa raia mmoja wa nchi ile ile, aliyekuja Manyara kutazama madini, akajikata kiganja kwa kopo la maharage. Vailet alimshona nyuzi tano. Yule bwana alijua Kiswahili, na alikuwa mchangamfu. Alisimulia kwamba kabla ya hapa alikaa Sudan miaka minne akinunua dhahabu.

"Kutoka upande gani?" Vailet aliuliza.

"Pande zote mbili. Sisi hatubagui."

Vailet alitazama buti zake. Zilikuwa safi mpaka kwenye mishono, na sakafu iliyozizunguka haikuwa na hata chembe, kama ilivyopigwa deki.

"Mchanga wako unaumwaga wapi?"

"Mchanga gani?"

"Na kurudi kwenu, hawakusumbui? Mimi fomu yao imenikataa kwa siku kumi na tisa."

"Ah, sisi wa makampuni tuna kifungu chetu." Alikikagua kiganja, akaridhika. "Lakini wewe Sista ulikosea. Ungesema tu hukwenda. Mambo ya fomu ni mepesi."

Alhamisi alipanda ndege akaenda kwao.

Vailet alikuwa mtu wa kujaribu dawa kabla ya kuikataa. Jioni alikaa kitandani, akasema, "Sikwenda Sudan." Mchanga ulipungua. Siku ya pili alisema mara kumi, ukabaki wa kujaza kijiko. Siku ya tatu alivua viatu akakuta soksi tu. Alimpigia Natalia.

"Mama, kweli unakuja?"

"Nakuja. Kesho mchana Mudy anajaza fomu. Tafuta beseni kubwa, na taulo nzito."

"Huku mabeseni ni madogo kama ya kuoshea vikombe."

"Basi nitabeba langu."

Kesho yake asubuhi, kabla ya muda wa ruhusa aliyoomba ili aende kwa Mudy, mwanamke mmoja wa Singe aliingia wodini na mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa ameharisha siku mbili. Macho yamezama na ngozi ukiifinya hairudi. Vailet alichukua sindano. Alitafuta mshipa mkononi, hakuna. Alitafuta kichwani, hakuna. Alijua kwamba kuna mahali pengine pa kutafuta, kwamba aliwahi kuutafuta kwa kidole gumba ndani ya hema lisilo na taa, kwa watoto wakavu kuliko huyu, lakini mikono yake haikukumbuka. Ilikuwa mikono ya mtu ambaye hakuwahi kwenda popote.

"Sista, mbona huupati mshipa?" yule mama aliuliza. "Si wewe uliyemtibu kaka yake mwaka jana? Wake uliupata mara moja tu."

Vailet alitazama saa ya ukutani. Kisha akasema kwa sauti, wodi nzima ikasikia:

"Nilikwenda. Nilikuwa Sudan siku kumi na tisa."

Mchanga ulimwagika ukafunika magurudumu ya kitanda. Kidole gumba kilikwenda chenyewe juu ya kifundo cha mguu, upande wa ndani, kikaukuta mshipa mwembamba kama uzi. Sindano iliingia, dripu ikaanza kudondoka. Mama wa Singe alipandisha pindo la kitenge chake lisichafuke, akasema asante.

Mchana Vailet hakwenda kwa Mudy.

Natalia alijifungua mtoto wa kike tarehe tisa Februari. Alikandwa na mumewe Emanuel, kijana wa Sigino, simu ikiwa imeegemezwa kwenye birika ili mama mkwe asimamie.

"Emanuel baba, unakanda au unaosha gari?"

"Mama, shikamoo, maji ni ya moto."

"Marahaba. Ndivyo yanavyotakiwa. Bonyeza tumbo, usilipapase."

"Mama, hajui," Natalia alisema, akaanza kulia, na mtandao ukakata.

Miezi saba ilipotimia Vailet alikwenda kwenye usaili. Walimsimamisha juu ya turubai ili asiharibu zulia, wakamuuliza sababu ya safari, akasema ni kumkanda binti yake aliyejifungua. Waliandika. Majibu yalifika baada ya wiki mbili kwenye barua pepe ya Mudy, kwa kuwa Vailet hakuwa na yake.

Mudy aliisoma kimya kwanza, midomo ikicheza.

"Wamekataa," alisema. "Wanasema sababu ya safari haipo tena. Wanasema mtoto ameshazaliwa."

"Hiyo habari," Vailet alisema akivaa miwani, "ninayo tangu Februari."