Ndoa ya Jumamosi Moja

Ijumaa ile jaji alipoifuta sheria ya Michigan iliyotukataza wanawake wawili kuoana, Aili alikuwa amebakiza pafu moja, nalo lilikuwa linachoka. Tulikuwa tumeishi pamoja miaka ishirini na sita. Mimi Vernita, mpishi wa shule, mweusi wa Detroit. Yeye mzungu, binti wa wachimba shaba wa Kifini huko kaskazini.

Kaka yake, Reino, alikuwa amenipigia simu wiki hiyohiyo.

"Akifariki namrudisha kwetu."

"Ameshaniambia anataka kuzikwa hapa, Reino."

"Ndugu yake wa damu ni mimi. Wewe kisheria ni nani wake?"

Nikakata simu.

Jumamosi ofisi ya ndoa ya wilaya yetu haikufunguliwa. Iliyokuwa wazi ilikuwa mwendo wa saa mbili kwa gari, na ingefungwa saa saba mchana. Serikali ya jimbo ilikuwa tayari inakimbilia mahakama ya rufaa ili ituzuie. Nikampakia Aili na mtungi wake wa oksijeni, nikakanyaga mafuta.

"Punguza mwendo, Vernita. Ukituua kabla ya harusi sikusamehe."

"Nyamaza, tunza pumzi."

"Hata hatujaoana, umeshaanza kuniamrisha!"

Foleni ilikuwa imezunguka jengo. Saa sita na nusu tulikuwa bado nje, Aili kwenye kiti cha magurudumu, midomo yake imeanza kuwa ya bluu. Nikapiga ukelele ambao mwenyewe sikuutambua.

"Jamani, mke wangu anakufa!"

Sikuwahi kumwita hivyo mbele za watu. Mzee mmoja akamvuta mwenzake mkono. "Sogea, Clyde, wapite hawa." Wakasogea mmoja baada ya mwingine, hadi mlangoni.

Karani alimwekea Aili fomu magotini. Kalamu ilimdondoka mara mbili.

"Unaolewa kwa hiari yako, mama?"

"Binti, nimesubiri miaka ishirini na sita. Gonga muhuri."

Jioni hiyohiyo mahakama ya rufaa ilisimamisha ndoa zetu. Siku kumi na moja baadaye Aili alifia mikononi mwangu.

Nilikwenda na cheti cha ndoa kwa mtu wa kampuni ya mazishi. Akakisoma, akanirudishia bila kunitazama. "Pole sana, mama. Jimbo haliitambui hii. Lazima asaini ndugu ndipo mwili utoke."

Reino alisaini. Nilimfuata hadi kwenye gari lake, nikapiga magoti kwenye lami.

"Basi niambie tu mazishi ni lini. Nitakaa nyuma kabisa, sitasema neno."

Akapandisha kioo.

Kwenye cheti cha kifo waliandika: *hajaolewa*.

Januari iliyofuata mahakama ikaamua kwamba ndoa za Jumamosi ile ni halali. Nikahangaika na ofisi hadi nikapata cheti kipya cha kifo, jina langu likiwa mahali pa mwenzi wake. Siku hiyohiyo nikaendesha kwenda kaskazini. Jina la makaburi nilikuwa nimelipata kwenye tangazo la gazeti, lakini namba ya kaburi sikuwa nayo.

Theluji ilikuwa imefika kiunoni. Hakuna jiwe hata moja lililoonekana. Nikaanza kufukua theluji kwa mikono, nikisoma majina ya watu nisiowajua, nikimwita mke wangu kwa sauti, hadi vidole vikafa ganzi na mlinzi akaja kuniambia wanafunga.