Kumi na Tisa Nukta Nne

...mashine haidanganyi, ndivyo alivyosema daktari, na picha imeganda hapo hapo, mtandao umekatika tena, Daktari Philippa yuko kule mjini Alice, kilomita mia tatu za vumbi jekundu, na hapa kwenye kompyuta ya kliniki amebaki kinywa wazi, kalamu juu, jicho moja limefumba nusu kama ngamia anayesinzia, siku nyingine Valmai, mhudumu wa kliniki hii, angemfinya Tarnia ubavuni na wangecheka mpaka mimba itikisike, lakini leo hakuna wa kucheka, Tarnia ameinamisha kichwa, mikono yote miwili juu ya tumbo la wiki ishirini na sita, na mezani mbele yao kuna vitu viwili vinavyogombana, daftari na kimashine cha kupimia sukari, daftari linasema nne nukta nane, tano nukta moja, sita nukta mbili, sukari ya mtu anayejitunza, na kimashine kilipochomekwa kwenye kompyuta kikatapika tano, kumi na tatu, sita, kumi na sita, tano tena... "Hizi za daftarini umezitoa wapi, Tarnia?" daktari aliuliza, kwa upole, upole ule unaochoma kuliko tusi, na Tarnia akatazama kucha zake, "Sikulaumu, wasichana wengi huandika namba nzuri ili tufurahi, lakini mashine haidanganyi, kwa hiyo naongeza insulini ya usiku maradufu, na Valmai, wiki hii hii apande ndege aje akae huku mjini mpaka ajif..." basi, hapo ndipo alipoganda, na Valmai hajui amshukuru nani kwa mtandao mbovu.

Mpaka ajifungue, ndivyo alivyotaka kusema, miezi mitatu, hosteli, chumba chenye dirisha lisilofunguka, wali mkavu na soseji, hakuna moto, hakuna wanawake wa kwao wa kumwimbia, na hilo daftari, Mungu wangu, hilo daftari ni la Valmai, yeye ndiye aliyelipigia mistari kwa rula, akachora kikombe cha chai kwa asubuhi, jua kwa mchana, sahani kwa jioni, kwa sababu makaratasi ya hospitali yameandikwa kama barua za mahakama, na wageni waliopita hapa mwezi uliopita walilipiga picha, wakasema ni kazi nzuri, na Valmai kichwa kikamvimba, aseme nini, kilimvimba kweli, miaka ishirini na miwili ndani ya shati hili la kliniki lenye nakshi ya vidoti vya rangi, na sasa mtoto wa dada yake, mtoto aliyemlea mwenyewe, amejaza humo uongo kwa kalamu ya zambarau... umenidanganya mimi, Tarnia? mimi niliyekutetea ukae nyumbani? niliyekuletea maboksi matatu ya vijikaratasi vya kupimia, mia kila boksi, katika wiki tano, nikijisifu kwa wenzangu kwamba mwanangu anajipima kuliko mtu yeyote... maboksi matatu. Ngoja. Mara nne kwa siku, wiki tano, hayo hayawezi kuwa maboksi matatu, hata ukidondosha vijikaratasi vingine mchangani, hata mbwa wakila vingine, na kando ya uso wa daktari namba bado zimeganda na tarehe zake na saa zake, macho ya Valmai yanashuka nazo, Jumatatu, Jumanne, Alhamisi, saa tisa alasiri, kumi na tisa nukta nne.

Alhamisi saa tisa alasiri. Anaijua saa hiyo, anaijua kama anavyojua kovu la goti lake, blanketi la kuchezea karata kwenye kivuli cha nyumba ya Bibi Maudie, mama yake, chai ya bati, mkia wa kangaruu unanukia majivuni, na Tarnia akaketi pembeni, akafungua kibegi chake, akajichoma kidole, sita nukta moja, akaandika daftarini, na Bibi Maudie, mwanamke ambaye kwa miaka tisa hajatoa hata tone la damu kwenye kliniki hii, ambaye akiona gari la madaktari huenda kuchimba viazi vya porini hata kama si msimu wake, akanyoosha mkono na kusema, "Hebu nichome na mimi, mjukuu, ila usinimalize, damu yenyewe imebaki kikombe," na ungemnyimaje, kwao chombo hakina mwenyewe, nduguyo akiomba shati unalivua, ukimnyima mtu wako kitu umejifanya mgeni, hata mashine ya hospitali, hata yenye jina lako lililobandikwa mgongoni, na Tarnia akabadilisha sindano, akafuta kidole cha bibi yake kwa pamba, kile cha kando, kwa upande, si katikati panapouma, kama Valmai alivyomfundisha, kumi na sita, na mjomba Lindsay akadai zamu yake, kumi na tatu, na Bibi Maudie akapiga blanketi kwa kofi, "Kumi na sita yangu inakula kumi na tatu yako! Leta hela!" kwa sababu walidhani namba kubwa ndiyo inayoshinda, jamani, walicheka mpaka mbwa wakabweka, na bibi akamgeukia Valmai, "Na wewe mwenye shati? Au ni yale ya mganga hajigangi?" na Valmai hakuwa na pa kukimbilia, akatoa kidole, akiwa na tabasamu lake la kazini.

Kumi na tisa nukta nne. "Valmai kawala wote!" mjomba alipiga kelele, na Valmai akacheka kuliko wote, akasema ni soda ile, nimekunywa soda sasa hivi, na soda hakunywa, alikunywa maji, alijua, tangu baridi ya mwaka jana alijua, kiu ile, kuamka kila mara kwenda chooni, miguu inayowaka, alijua na akajifungia siri ndani ya shati, maana mhudumu wa afya akiwa na sukari watasema nini, watasema alikuwa anatuhubiria nini, na baadaye nyuma ya tangi la maji akamshika Tarnia mkono, akamshika kwa nguvu, sasa anaona aibu alivyomshika, "Futa hiyo." "Sijui kufuta, mama." "Basi usimwambie mtu." "Haya, mama." Haya, mama. Ndiyo hiyo. Ndiyo maana anatazama kucha. Anaitwa mwongo mbele ya kioo cha kompyuta na ananyamaza, atachomwa insulini ya sukari ya mama yake na bibi yake na mjomba wake, dozi ya watu wanne katika mwili mmoja, na yeye sukari yake ni tano, ni tano tu, alfajiri ataanza kutetemeka, jasho, hata mtoto humo ndani... na bado ananyamaza, kwa sababu aliambiwa nyamaza na mtu anayemwita mama.

Inawezekana kusema mashine ni mbovu. Hilo limekuja haraka sana, limekuja limevaa viatu tayari. Mashine imeharibika, daktari, vumbi, joto, tuletee nyingine, na nani atabisha, vitu vyote huharibika huku, shati linabaki safi na Tarnia anabaki nyumbani... anabaki? watamletea mpya, lakini daftari litabaki na doa, kila atakachoandika watakitazama kwa jicho la pembeni, na huyo mjini ataendelea kuamini kwamba wasichana wetu huandika namba za kufurahisha watu. Na dada yake je, dada yake ambaye jina lake, kwa mila yao, halitajwi tangu alipokufa, si naye alikuwa hodari wa kusema sijambo, sijambo kabisa, alipopelekwa mjini na mimba ya huyu huyu Tarnia, peke yake, na barua asiyoweza kuisoma, akajifungua mtoto wa kilo tano aliyewekwa kwenye sanduku la kioo, akarudi akasema sijambo, na sukari ikaendelea kumla kimyakimya mpaka figo zikaisha, akamalizia siku zake amefungwa kwenye mashine ya kusafisha damu mbali na nchi yake, sijambo, mficha uchi hazai, na wakati mwingine huzaa, kisha hawahi kumlea aliyemzaa.

Valmai anamtazama mtoto huyo aliyezaliwa na kilo tano, ana miaka ishirini na mmoja, nywele zimefungwa kwa kamba ya kiatu, wino wa zambarau kidoleni, na kitu kinampanda kifuani, anadhani ni kilio, kumbe si kilio, ni fahari, fahari kubwa hata shati linambana, maana wewe mtoto, miaka ishirini na miwili nimezunguka na gari la kliniki, nimewabembeleza, nimewatisha, nimebandika mabango yenye picha za miguu iliyokatwa, na Bibi Maudie hakunipa hata tone, na wewe kwa wiki tano tu, kwa blanketi la karata na kibegi cha zipu, umeipima familia nzima, umewapima wanacheka, na jana bibi yako alitia kijiko kimoja cha sukari kwenye chai, kimoja, alikuwa anatia vitano, akaninunia kama mimi ndiye niliyemlazimisha, hata mimi umenipima, mimi peke yangu ndiye niliyekimbia, na hukukosea namba hata moja, za kwako ukaziandika daftarini na za kwetu ukatuachia wenyewe... daktari anatikisika, kope moja, halafu picha inatulia tena, kalamu bado iko juu, Tarnia bado ameinama, feni inazunguka, hakuna kilichobadilika chumbani humu, na Valmai anafungua kifungo cha juu cha shati apate hewa, anauvuta mkono wa Tarnia kutoka tumboni na kuushika, safari hii taratibu, na Tarnia anainua macho kwa hofu, anatikisa kichwa, usiseme, mama, na picha inashtuka, sauti ya daktari inarudi imekatika katikati, "...fungue, basi nasaini hapa," na Valmai amekwisha kusogea mbele mpaka uso wake umejaa kwenye kioo.

"Weka kalamu chini kwanza, daktari. Daftari la mwanangu ni la kweli. Hiyo kumi na tisa ya Alhamisi ni yangu."