Matuta Manne

"Usiitikise glasi," dada alisema.

Alikuwa amekata kipande cha shina la tumbaku ya kaka yake, akakining'iniza kwa uzi ndani ya maji safi, kama bwana shamba alivyomfundisha. Mwanzoni hapakuwa na kitu. Kisha kwenye mkato ukachomoza ute mweupe, mwembamba kama moshi wa sigara, ukateremka polepole hadi chini.

"Maziwa hayo?" kaka akauliza, akijaribu kucheka.

"Bakteria, kaka. Wanaziba mishipa. Mche unakufa kwa kiu na mizizi iko kwenye unyevu."

Miaka saba mfululizo kaka alipanda tumbaku juu ya tumbaku, na vijidudu vile vikala, vikazaana. Dada, aliyerithi kipande cha chini, alipanda mahindi mwaka mmoja, nyasi za malisho miwili, ndipo akarudisha tumbaku. Kaka akambandika jina la Mama Majani mbele za watu. Tangu hapo walikuwa hawasemezani, mpaka asubuhi hii kaka alipomwita, tumbaku yake ikifa ingali kijani.

"Yako ni nzima," kaka akasema. "Niliiona nilipokuwa nikikupalilia."

Dada akageuka.

"Ulinipalilia lini?"

"Wiki tatu zilizopita. Ulikuwa hospitali na mama, magugu yamekuzidi. Nikasema, nikimsaidia huyu, hasira zitamwisha. Nikaona haya kukwambia."

"Kwa jembe lipi?"



"Langu. Nililitoa huku juu na udongo wake, nikashuka nalo."

Dada hakupiga kelele. Angepiga, kaka angepata nafuu.

"Matuta mangapi?"

"Manne. Yale ya mpakani."

Wakashuka. Kaka akachimba shimo la kuchomea, dada aking'oa. Miche ilikuwa imenawiri, majani yamejaa, na kila mmoja ulitoka na donge la udongo mweusi, laini, wenye harufu nzuri. Ungeweza kuufikicha kutwa nzima usione kitu ndani yake.

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Chimba, kaka."

Walipomaliza kuchoma, matuta manne yalikuwa matupu. Dada akajipangusa uso, akatazama tuta la tano. Mche mmoja katikati ulikuwa umelegeza jani, upande mmoja tu.

"Jua hilo," kaka akasema upesi. "Saa hizi hata watu tunanyauka."

"Labda."

"Si labda! Jua likipoa, jani litainuka."

"Likiinuka jioni, ni jua."

Walikaa kwenye ukingo wa shamba, bega kwa bega, kama walivyokuwa hawajakaa kwa muda mrefu. Jua likainama. Huku na huku, majani yaliyochoshwa na joto yakaanza kujinyoosha, moja baada ya jingine.

Kaka alikuwa akitazama miguu yake.

"Niambie wewe," akasema. "Mimi sitazami."