Hotuba Isizidi Vifundo vya Miguu

Edinah alikunja zulia, akalisimamisha nyuma ya mlango, kisha akaketi kwenye kiti cha plastiki. Alikuwa mwalimu mstaafu pale Matisi, Kitale. Miaka mingi alikuwa mwamuzi wa mashindano ya kughani mashairi shuleni, na mazoea yana taabu.

"Haya, wifi. Anza."

Wilkista, aliyetoka Bumula asubuhi hiyo kuja kufanyia mazoezi hotuba yake ya baraza la kijiji, alisimama mbele ya kabati la vyombo. Alieleza habari za chemchemi ambayo kijiji kizima kilikuwa kikiteka, hadi mwenyekiti wao, Sifuna, alipoizungushia seng'enge ili wanywe ng'ombe wake tu. Tangu hapo wanawake hushuka hadi mtoni, na kile kilima kilikuwa kimemmaliza Wilkista mgongo.

Aliposema "chemchemi", maji yalianza kutoka chini ya miguu yake, safi na baridi. Alipomtaja Sifuna yalikuwa magotini, na sufuria ya ugali ikaelea kuelekea chumbani.

"Basi, basi," Edinah alisema, sketi mkononi. Maji yakanywea sakafuni.

"Nimeharibu tena, Mwalimu?" Ukoo mzima ulimwita hivyo.

"Hapana. Sauti iko sawa, na unaangalia watu. Lakini unakasirika mapema. Baraza ile ingine, si watu walipanda juu ya viti? Mtu amebeba viatu kwa mkono hawezi kukusikia. Punguza. Yakome kwa vifundo vya miguu. Halafu umalize na ombi, si matusi."

"Ati matusi? Si ni mwizi kweli!"

"Ni mwizi. Lakini sema polepole."

Walirudia hadi alasiri, na mwishowe maji yakawa yanafika vifundoni na kukoma hapo. Edinah aliona fahari isiyo kifani. Hata enzi za mashindano hakuwahi kupata mwanafunzi msikivu hivyo, kwa hiyo siku ya baraza alifunga safari ya Bumula.

Ukumbi wa kanisa ulijaa. Wilkista alinena vizuri mno. Maji yalipanda taratibu, yakafika vifundoni, yakatulia. Hakuna aliyepanda kiti. Aliomba kwa heshima seng'enge iondolewe, na watu wakapiga makofi.

Sifuna alisimama wa kwanza. "Huyu mama amekomaa, bana. Siku ile alitufukuza hapa. Leo ametulia. Mimi nampongeza."

Mzee Wabwile alisema hotuba ingenoga zaidi kwa andiko moja la Biblia. Viola, mweka hazina wa akina mama, alimshauri asichezee leso akiongea. Kila mtu alikuwa na lake, na Edinah akawa anatikisa kichwa kuafiki, maana ushauri wenyewe ulikuwa mzuri. Alipong'amua kwamba hakuna aliyetaja seng'enge, sala ya kufunga ilikuwa imeanza.

Baada ya amina, akina mama waliinama wakachota kwa vikombe, wakajaza mitungi yao. Ikakubaliwa palepale kwamba Wilkista awe anahutubu kila Alhamisi. Sifuna alisema ataenda yeye mwenyewe kuomba kanisa liwape ukumbi. Edinah akajipenyeza katikati ya mitungi, akatoka.

Nje alimkuta wifi yake, mtungi mtupu mkononi.

"Wewe hukuchota?"

"Ningechota saa ngapi, Mwalimu? Nikinyamaza tu, yanaisha popote nimesimama, hata kama kwa wengine yamebaki."

Edinah akaupokea ule mtungi, wakashika njia ya mtoni.