Namba Ndogo Chini ya Kumi

Maji ya tangi la juu yalikuwa yamefurika Jumapili nzima, yakapita darini na kulowesha sare zote za shule zilizokuwa zimekunjwa tayari kupelekwa. Shangazi yake fundi wa umeme, mwenye karakana ya ushonaji, hakupiga kelele. Alimtazama mlinzi wake tu.

"Umewasha pampu kwa mkono, ukasahau kuizima."

"Sikuigusa, mama."

"Basi imejigusa. Mwanangu huyu amefunga kifaa, tangi likijaa kinaizima chenyewe. Eti fundi, chako kinakosea?"

"Ngoja nitazame," fundi akasema, shingo ngumu kama kawaida yake.

Umeme ulishazimwa. Alifungua kisanduku, akaigonga relei, swichi ndogo inayowasha na kuzima pampu, kwa mpini wa bisibisi. Tak! Ikaachia. Akaelewa. Vichuma viwili vya ndani vilikuwa vimegandana kwa cheche, pampu ikakosa wa kuizima. Sasa vimeachana, na hakuna aliyeona.

Juu ya kifuniko paliandikwa ampea kumi, kwa tarakimu nene. Chini yake, kwa maandishi ya sisimizi: mota, tatu. Pampu ilivuta tano, na kila ikianza kuzunguka, mara sita ya hapo. Siku ya kununua, muuza duka alimwambia achukue kontakta, swichi kubwa ya mota, relei iwashe kontakta, kontakta ibebe pampu. Naye akamjibu, "Unanifundisha kazi, bwana mkubwa?"

"Vipi?" shangazi akauliza.

"Inafanya kazi," akasema. Wala hakudanganya, na hilo ndilo lililomchoma.

Mlinzi alikuwa ameshavua koti la kazi, analikunja taratibu juu ya kiti. "Labda kweli niliiwasha," alijisemea. "Siku hizi nasahau sahau."

Fundi aliweka bisibisi chini. Angeweza kuvumilia mzee wa watu atukanwe. Kumwona akijishuku akili zake, hapana.

"Hukuwasha, baba. Ni mimi. Nimefunga relei isiyoweza mota, imeganda. Nimeigandua sasa hivi mbele ya macho yenu nikanyamaza."

Shangazi aliokota sare moja, akaikamua, maji yakamwagikia viatu vya fundi.

"Usikiambie kisanduku," akasema. "Mwangalie yeye."

Akamwangalia. Mlinzi alibaki ameshika koti, halivai wala haliweki.

"Mwanangu," akasema pole pole, "nilishaanza kukubali kwamba nimekwisha."

Fundi alilitwaa lile koti, akalikunjua, akamshikia mzee avae.