Dami ya Wageni

Mkuu wetu wa chuo, Bwana Makokha, ni mtu wa kufungia vikombe vizuri kabatini vingoje wageni. Simlaumu, hata mama yangu ni hivyo. Lakini chuo cha wauguzi si sebule, bana.

Mwaka 2006 wafadhili walitupa dami, sanamu ya mama mjamzito ya kufundishia kuzalisha. Inatoa mtoto, inatoka damu ya rangi. Kibiwott, msanifu majengo kutoka Kitale, akatuchorea chumba cha mazoezi kama wodi yenyewe: mlango wa kupitisha kitanda, sinki karibu, na kioo cha mwalimu kuchungulia wanafunzi wakihangaika wenyewe. Nilipoiona ile ramani karibu nilie. Nilikuwa nimetafuta mimba miaka sita, na ikija, hapa Bungoma wangenizalisha wanafunzi wangu hao hao.

Makokha akachukua kalamu nyekundu. Sinki likatoka, makochi ya wageni yakaingia, na vitambaa vyake. Mlango ukafinywa ili jiwe la msingi lipate ukuta. Kioo kikageuzwa kitazame veranda.

Nilienda hadi Kitale kumlilia Kibiwott.

"Madam, mwenye nyumba ndiye anajua atakalia wapi," alisema akikunja ramani. "Mimi nilichora wodi. Yeye anataka dirisha la duka."

Chumba kikaisha. Dami ikalazwa ndani ikiwa bado kwenye plastiki yake, mlango ukafungwa hadi mgeni rasmi aje kufungua. Mgeni rasmi akaahirisha mara tatu. Wanafunzi wakajifunzia verandani, wakiitazama kupitia kioo, mikono nyuma, kama watu wanaoaga maiti. Kwa mtihani wa kuandika walipita wote. Mimba yangu nayo ikashika, na kila Jumatatu nikawa namwomba Makokha ufunguo.

"Si ungoje tu, Madam Lenah? Ati unataka waichafue?"

Nilimchukia yule mzee, nasema ukweli.

Uchungu ulinishika Alhamisi asubuhi, wiki mbili mapema. Wodini muuguzi wa zamu alikuwa na mama mwingine anayevuja damu, nikaachiwa Hillary, namba moja wa darasa langu. Glavu alivaa vizuri sana. Kichwa cha mtoto kikaanza kutokeza, na yeye amesimama tu.

"Hillary, shika."

Jasho lilikuwa linamtiririka. "Mwalimu," aliniuliza kwa adabu, "naanza kushika wapi?"

Nikamfundisha hapo hapo, kati ya uchungu na uchungu, na dami yake ya kwanza ilikuwa mwanangu.