Athol Chini ya Kitanda

Wivu wa kumwonea mtu aliye hai una raha yake, maana unaweza kumvizia, kumsema, hata kumtoa upepo kwenye tairi. Lakini Murray Pybus alikuwa anamwonea wivu marehemu, na marehemu mwenyewe alikuwa meza.

Ilikuwa meza ya kulia chakula, ya blakiwudi, ule mti wa Tasmania wenye rangi ya chai ya rangi. Aliitengeneza Athol, mume wa kwanza wa mkewe Glenys, na kwa miaka tisa Murray alikuwa anakula juu yake mayai, pai na maneno yake mwenyewe. Hakulalamika. Meza ni meza. Ila mwaka huu viungo vya vidole vya Glenys vilianza kuvimba, na besi yake kubwa, lile gitaa la nyuzi nene alilopiga kwenye bendi yao, ikawa mateso. Kufika mwisho wa shingo ilibidi anyooshe mkono kama anachuma tufaha la mwisho mtini. Ndipo akamwita Tamsin, fundi wa magitaa wa mji wa Geeveston, amtengenezee besi ya shingo fupi, ya kupimwa kwa mkono wake.

Tamsin alikuja wakati wa chai. Akampima Glenys kiganja, akampima bega hadi kiwiko, halafu, kikombe kikiwa bado mkononi, akaigonga meza kwa kifundo cha kidole. Akainama, akatega sikio, akagonga tena.

"Bi Glenys, hii inaongea."

"Hata aliyeitengeneza alikuwa muongeaji," Glenys akasema, wakacheka wote wawili. Murray alikuwa anamenya yai.

"Nikikutolea mwili wa besi humu, utaisikia mpaka tumboni."

Hapo ndipo palipomchoma. Tumboni! Mwanamume mwenzake, tena mfu, atakumbatiwa kila Jumamosi mbele ya watu, na yeye Murray amekaa nyuma na ngoma zake akihesabu moja mbili tatu nne.

"Kwani wauza mbao wamehama?" akauliza.

"Wewe kula yai lako," Glenys akamjibu.

Kisha akapewa yeye kazi ya kubandua ubao wa meza na kuupeleka. Fisi kakabidhiwa bucha. Akabandua, kweli. Halafu akapitia kiwanda cha mbao, akachagua ubao mwingine wa blakiwudi, mpya, mzuri, usiojuana na mtu, akaupiga randa na kumpelekea Tamsin.

"Nimekusaidia kuondoa vanishi, dada," akamwambia, akarudi nyumbani anapiga mluzi.

Sasa ubao wa Athol auweke wapi? Aliusimamisha mbele ya jiko la kuni auchome, wakatazamana, moyo ukamgoma. Gereji, Glenys huingia kila siku. Banda la kuku linavuja. Akausukuma chini ya kitanda, upande wake yeye.

Siku kumi na moja alilala juu yake, na alilala vibaya. Kila akigeuka, alihisi kuna mtu anageuka naye.

Siku ya kumi na mbili, saa nne asubuhi, simu ikalia na Glenys akapokea. Murray akasikia "Mm," halafu "Mm" nyingine ndefu zaidi, halafu "Maji? Maji gani, Tamsin, ile meza ina miaka thelathini na mbili, imekaa karibu na jiko." Kisha Glenys akaja akaketi mbele yake, kwenye kimeza cha plastiki walichokuwa wanalia chakula siku hizo.

"Tamsin kaupima unyevu. Anasema ubao ni mbichi, akiukata utapinda kama ndizi."

"Labda mvua."

"Murray."

"Geeveston kuna ukungu sana, mke wangu, wewe mwenyewe si unajua..."

"Athol yuko wapi?"

Akampeleka chumbani. Glenys akapiga magoti taratibu, akainua shuka, akachungulia. Alikaa hivyo mpaka Murray akadhani analia, maana mabega yalikuwa yanatikisika. Kumbe anacheka.

"Yaani umemtoa mtu mezani ukamleta chumbani?"

"Sikuwa na pa kumweka."

"Siku zote hizi tunalala watatu na mimi sina habari."

"Mimi ndiye nimelala naye. Yuko upande wangu."

Kicheko kikamwisha Glenys. Akakaa sakafuni, mgongo kitandani.

"Nisikilize na usinikatize. Nilimpenda. Siku nyingine bado nampenda, na hilo silifuti, hata ujaze msitu mzima humu chini. Lakini anayeumwa vidole ni mimi. Nikikosa besi hii naacha kupiga. Ndicho unachotaka?"

Murray alikuwa na mengi ya kusema. Likamtoka moja: "Na ukiikumbatia utamuwaza yeye?"

"Saa nyingine."

Jibu likamuuma. Lakini angeambiwa hapana angejua ni uongo, na huo ungemuuma zaidi. Akauvuta ubao, akauweka kwenye pikapu.

"Safari hii umemleta mwenyewe au ndugu yake?" Tamsin akamuuliza mlangoni pa karakana yake.

"Mwenyewe."

"Na hujanisaidia chochote?"

"Dada, fanya kazi."

Tamsin akamshikisha upande mmoja, akagonga. Murray, kwa ubishi tu, akatega sikio. Kweli ubao ulikuwa unaongea, na jambo hilo likazidi kumuudhi.

Besi ilichukua miezi minne. Jumamosi ya kwanza walipiga mchana, ukumbi wa Franklin, na kabla ya wimbo wa kwanza watu walikuwa wameshapanga foleni kuipapasa. "Hii ndiyo meza ya Athol? Jamani!" Mzee mmoja akasema aliwahi kula bata juu yake, tena wa nyama laini. Glenys akawa anatabasamu, vidole vinatembea kwenye ile shingo fupi bila kuuma, na Murray kule nyuma akaikanyaga pedali ya ngoma kubwa kana kwamba ngoma ndiyo iliyooa kwanza.

Kufika wimbo wa tatu, hasira zilikuwa zimeukimbiza mdundo wake mbele ya bendi nzima. Mwimbaji akapoteza maneno. Glenys akawapa watu mgongo, akamgeukia yeye, besi tumboni.

"Punguza," akamwambia. "Nakufuata wewe. Mguu wako ukikimbia, mimi nitashika nini?"

Akapunguza. Glenys hakugeuka tena kwa watu. Akabaki anautazama mguu wa Murray, kila unaposhuka na kidole chake kinashuka, na Athol yuko hapo katikati yao, ananguruma. Bado ilikuwa inamchoma Murray, palepale pa siku zote.

Akakanyaga mapema kidogo, kwa makusudi, aone kama atafuatwa.

Akafuatwa.